Kiu ya Kifutu: Jinsi Nyoka Anavyokunywa na Kutunza Maji

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470 hivi. Ndani yake mna karibu sehemu moja katika sita ya maji matamu yote yasiyo barafu yaliyo juu ya uso wa dunia. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma au Ujiji, ambaye kila asubuhi huona mitumbwi ya dagaa ikirejea mwaloni, anaweza kudhani kwamba kiu si jambo la kuzungumzwa katika nchi kama hiyo. Lakini nchi ya Kigoma si ziwa peke yake. Nyuma ya mwambao kuna vilima vya miombo, mashamba ya michikichi na mihogo, na nyika za nyasi ambazo hukauka kabisa tangu Mei mpaka mvua zirudipo, mnamo Oktoba au Novemba. Humo wanaishi viumbe wengi wasiofika ziwani hata siku moja katika maisha yao. Mmojawapo ni kifutu.

Katika makala haya tutajibu swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: kifutu hunywaje maji, na huyatunzaje mwilini mwake? Udogo wa swali hili ni wa juu juu tu. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka haitengenezwi kwa mizizi wala kwa mashine. Nyoka walio hai hukamuliwa sumu, sumu hiyo hudungwa kidogo kidogo katika mwili wa farasi, na damu ya farasi huyo ikishajenga kinga ndimo dawa inamopatikana. Nyoka akifa kizimbani kwa kukosa maji, chanzo cha dawa hukatika. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatangaza shabaha ya kupunguza vifo na ulemavu utokanao nayo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Shabaha hiyo haiwezi kufikiwa pasipo nyoka wenye afya katika vizimba vya wataalamu.

NYOKA WA NYIKANI NA NYOKA WA ZIWANI

Kifutu, ambaye mahali pengine huitwa moma au bafe, hujulikana na wanasayansi kwa jina la Bitis arietans. Ni nyoka mnene, mfupi, ambaye kwa kawaida hazidi mita moja kwa urefu. Rangi yake ni ya udongo na majani makavu, na mgongoni ana mapande yenye umbo la herufi V. Hakimbii akisikia nyayo. Hutegemea rangi yake kumficha, akalala kimya akimngoja panya apite. Tabia hiyo ndiyo imfanyayo awe mmoja wa nyoka wanaouma watu wengi zaidi katika Afrika, kwa sababu mtu humkanyaga bila kumwona. Ana ndugu yake mkubwa, kifutu wa Gabon, akaaye katika misitu yenye unyevu. Katika Tanzania nyoka huyu alipata sifa hasa kutokana na kazi za C.J.P. Ionides (1901–1968), aliyekuwa mlinzi wa wanyamapori huko Liwale na baadaye akaishi Newala, ambaye aliwakamata nyoka wengi wakiwa hai kwa ajili ya hifadhi na maabara za nchi mbalimbali.

Ziwani kwenyewe hali ni nyingine. Kando ya miamba ya Tanganyika huishi swila wa maji, Naja annulata stormsi, ambaye chakula chake ni samaki na ambaye wavuvi humwona mara kwa mara. Jina lake la mwisho limetokana na Émile Storms, Mbelgiji aliyeanzisha kituo cha Mpala, katika ufuko wa magharibi wa ziwa, mwaka 1883. Mtaalamu Dollo ndiye aliyemweleza nyoka huyu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, mwaka 1886. Yupo pia nyoka mdogo asiye na sumu, Lycodonomorphus bicolor, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili. Nyoka hawa wawili hawana shida ya maji, kwani maji ya ziwa ni matamu.

Lakini kuishi majini si sawa na kuwa na maji ya kunywa. Katika pwani yetu ya Bahari ya Hindi yupo nyoka wa bahari mwenye tumbo la manjano, Hydrophis platurus. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba nyoka huyo hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa tezi iliyo chini ya ulimi. Mwaka 2014 Harvey Lillywhite na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika pwani ya Costa Rica: nyoka hao hukaukiwa na maji mwilini kwa miezi kadhaa wakiwa katikati ya bahari, wakingoja mvua kubwa itakayotandaza maji matamu juu ya maji ya chumvi. Mvua ikinyesha, hunywa. Ikiwa nyoka wa bahari huona kiu, basi kiu ya kifutu wa nyikani haipaswi kutushangaza.

ULIMI SI KIJIKO

Watu wengi huona ulimi wa nyoka ukitokeza na kurudi, wakadhani kwamba ndio anaonywea, kama paka au mbwa. Sivyo. Ulimi wa nyoka ni mwembamba, umegawanyika ncha mbili, nao ni chombo cha kunusia. Huokota chembe za harufu hewani na ardhini na kuzifikisha kwenye kiungo kilicho katika paa la kinywa, ambacho hutambua harufu hizo. Nyoka anapokunywa, ulimi hutulia kabisa ndani ya ala yake.

Basi maji huingiaje? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba nyoka hufyonza kama mtu afyonzavyo kwa mrija: hufunga midomo, hupanua kinywa kwa ndani, na maji huvutwa. Maelezo haya yalikuwa na kasoro moja. Ili mfyonzo ufanye kazi ni lazima midomo izibe barabara pande zote, ibaki tundu moja tu la kuingizia maji. Lakini wako nyoka ambao hunywa vizuri huku pembe za midomo yao ziko wazi. Mrija uliotoboka haufyonzi, lakini nyoka hao walikuwa wakinywa.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 2012 na David Cundall wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, pamoja na wenzake. Waliwachunguza nyoka wa aina nne, mmoja wao akiwa kifutu wa majini wa Marekani, Agkistrodon piscivorus. Waligundua kwamba ngozi laini iliyo katika taya la chini ina mikunjo mingi midogo. Mikunjo hiyo ni ya lazima kwa nyoka, kwa kuwa ndiyo huruhusu taya kutanuka anapomeza mnyama mnene kuliko kichwa chake. Taya likiwa limefungwa, mikunjo hiyo huwa kama matundu ya sifongo. Maji huingia ndani yake kwa nguvu ile ile ipandishayo mafuta ya taa katika utambi wa kandili. Kisha misuli ya taya huibana sifongo hiyo, na maji yakasukumwa nyuma kuelekea kooni. Taya hulegea, sifongo hujaa tena, na mzunguko hurudiwa mara nyingi. Mtazamaji aliye mbali huona pembe za taya zikitikisika taratibu, na kichwa kikiwa kimetulia, ncha ya pua ikigusa maji.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtunza nyoka. Sifongo haihitaji bwawa ili ijae, kwani tone moja laitosha kuanza. Ndiyo sababu nyoka huweza kunywa maji yaliyo juu ya jani, juu ya jiwe, na hata juu ya mwili wake mwenyewe.

NGOZI NA FIGO

Mwili wa nyoka, kama wetu, kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayo hupotea kwa njia tatu: kupitia ngozi, kwa pumzi, na kwa haja. Kila mmoja wetu akimtazama kifutu hudhani kwamba magamba yake ndiyo yazuiayo maji yasitoke, kama vigae vya nyumba vizuiavyo mvua isiingie. Mwaka 1972 Paul Licht na Albert Bennett walipata nafasi ya kulipima jambo hilo. Walimpata nyoka wa Marekani aliyezaliwa bila magamba, wakampima pamoja na ndugu zake wenye magamba. Matokeo yalionyesha kwamba asiye na magamba hakupoteza maji zaidi ya wenzake.

Ikiwa si magamba, ni nini basi? Mwaka 1980 J.B. Roberts na Lillywhite walionyesha kwamba kizuizi chenyewe ni tabaka jembamba sana la mafuta lililo ndani ya ngozi. Mafuta hayo yakiondolewa, maji hupita kwa wepesi mno. Nyoka wa nchi kavu huwa na kizuizi imara kuliko nyoka wa majini au wa msitu wenye unyevu. Kwa sababu hiyo mtu akiwaweka kifutu wa nyikani na kifutu wa Gabon katika chumba kimoja chenye hewa kavu, anawatendea mambo mawili tofauti. Wa kwanza atavumilia, lakini wa pili atadhoofika.

Figo nazo zina mchango wao. Mwanadamu huondoa taka za nyama aliyokula zikiwa zimeyeyushwa katika mkojo, na kazi hiyo hugharimu maji mengi. Nyoka hana kibofu cha mkojo, na figo zake haziwezi kutengeneza mkojo mzito kuliko damu yake. Badala yake hugeuza taka hizo kuwa asidi ya uriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Mkojo huo husukumwa hadi sehemu ya mwisho ya utumbo. Huko maji hufyonzwa na kurudishwa mwilini, na kinachobaki ni uji mweupe ukaukao kama chokaa. Msomaji anayefuga kuku amekwisha kuuona mfano wake, kwa maana ile sehemu nyeupe ya mavi ya kuku ni kitu hicho hicho.

JE, PANYA ANATOSHA?

Hapa tunafika kwenye imani iliyowaua nyoka wengi vizimbani. Mwili wa panya una maji yapatayo sehemu saba katika kumi za uzito wake. Panya wa gramu 200, kwa hiyo, ana gramu kama 140 za maji. Kutokana na hesabu hiyo, watunzaji wengi walishikilia kwamba nyoka aliyeshiba hana haja ya kunywa. Hesabu ni sahihi, ila uamuzi uliofuata haukuwa sahihi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walilipima suala hili kwa wanyama hai. Mwaka 2013 walionyesha kwamba mjusi wa jangwani mwenye sumu, Heloderma suspectum, hakupata nafuu ya kiu kwa kula. Mwaka 2019 walionyesha jambo hilo hilo kwa nyoka wa jamii ya vifutu aitwaye nyoka-njuga, Crotalus atrox: aliyekuwa amekaukiwa na maji akalishwa bila kunyweshwa hakurudia hali njema. Damu yake ilibaki nzito.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Maji yaliyo mwilini mwa panya hayaji peke yake, bali huja pamoja na chumvi za mwili wa panya na protini nyingi. Protini ikisagwa huacha taka, na taka hizo hazina budi kutolewa kwa maji, ingawa ni kidogo. Tena nyoka anapomeng'enya chakula hupumua kwa wingi zaidi, na pumzi hubeba unyevu. Mwishoni, kilichoingia na kilichotoka hukaribiana. Mlo humpa nyoka nguvu, lakini ni maji tu yawezayo kuizimua damu iliyokuwa nzito. Kwa hiyo kumlisha nyoka mwenye kiu kali ili kumponya ni kumwongezea mzigo. Kanuni iliyo salama ni kumnywesha kwanza, kisha kumlisha.

Jike mwenye mimba huhitaji uangalifu zaidi. Kifutu hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, aghalabu ishirini hadi arobaini kwa mara moja. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa kwa kifutu wa huko, Vipera aspis, umeonyesha kwamba jike mwenye mimba akinyimwa maji huathirika kuliko asiye na mimba, kwa sababu watoto tumboni huyavuta maji kwa ajili ya ukuaji wao.

MVUA, UKUNGU NA UMANDE

Katika jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, huishi kifutu mdogo wa mchangani, Bitis peringueyi, ambaye urefu wake ni kama sentimita 25 tu. Mvua huko ni adimu, lakini ukungu hutoka baharini na kuingia nchi kavu. Ukungu ukishuka, nyoka huyu huubapaza mwili wake, matone hujikusanya juu ya magamba, naye huyanywa kutoka mgongoni mwake mwenyewe. G.N. Louw alieleza mwaka 1972 jinsi wanyama wa jangwa hilo wanavyotegemea ukungu.

Tabia hii si ya jangwani pekee. Mwaka 2000 wachunguzi wa Brazil, Andrade na Abe, walieleza juu ya kifutu wa Amerika ya Kusini, Bothrops moojeni, aliyekusanya maji kwa mwili wake. Nao nyoka-njuga wa Arizona wameonekana wakitoka mashimoni wakati wa mvua, wakijikunja kama sahani na kunywa maji yaliyotuama katika mikunjo ya miili yao. Vifutu wa mitini, wakaao katika misitu ya Kongo na Uganda, nao hunywa matone yaliyo juu ya majani na juu ya miili yao. Kutokana na mifano hiyo tunajifunza kwamba kwa vifutu wengi maji ni kitu kianguacho kutoka juu. Bakuli lililotulia pembeni huenda lisitambulikane kabisa.

KIFUTU KIZIMBANI

Sasa twaweza kueleza kwa nini kifutu aliyekamatwa porini huweza kufa kwa kiu karibu na bakuli lililojaa. Amesafirishwa ndani ya gunia katika joto, ameogopa, na mahali alipofikia hapatambui. Watunzaji wazoefu huchukua hatua zifuatazo.

Kwanza, bakuli huwa zito na pana, lisipinduke, na ukingo wake huwa chini kiasi cha nyoka mnene kuweza kulaza kidevu. Huwekwa mbali na chanzo cha joto, na maji hubadilishwa kila siku, kwa sababu nyoka huweza kuyachafua kwa haja. Pili, kwa nyoka asiyetambua bakuli, kopo lenye tundu dogo hutundikwa juu ili maji yadondoke taratibu. Mtikisiko na mng'ao wa maji humvuta. Tatu, hunyunyiziwa maji mwilini kama mvua nyepesi, akanywa kutoka mgongoni mwake. Nne, hupimwa uzito mara kwa mara na kuandikwa katika daftari, kwa kuwa mizani huonyesha upungufu kabla jicho halijauona.

Dalili za upungufu wa maji ni hizi: ngozi hujikunja na haikunjuki upesi; ute wa kinywani huwa mzito; ile chokaa ya haja hutoka ikiwa mabonge magumu; na gamba huvuliwa vipande vipande badala ya kutoka zima kama soksi, hata kile kifuniko cha jicho kikabaki. Hali ikiendelea, asidi ya uriki huganda katika figo na viungo, naye nyoka akapata ugonjwa ulio sawa na jongo la wanadamu.

Hata hivyo, maji mengi kupita kiasi nayo yana madhara. Kifutu wa nyikani akilazwa juu ya matandiko yaliyolowa hutokwa na malengelenge tumboni na huweza kuugua mapafu. Anachohitaji ni maji ya kunywa na mahali pakavu pa kulala, na siku za kujivua gamba awe na pembe moja yenye unyevu. Kifutu wa Gabon na wa mitini huhitaji hewa yenye unyevu zaidi, ila pasipo kukosa mzunguko wa hewa safi.

Ni lazima pia kukumbusha kwamba kazi hii si mchezo. Mtaalamu hatii mkono kizimbani ili kujaza bakuli, bali kwanza nyoka hufungiwa katika chumba cha pili kwa mlango wa kuteremsha. Na mwananchi wa kawaida haruhusiwi kukamata wala kufuga mnyama wa porini bila kibali cha serikali.

FAIDA KWA MKAZI WA KIGOMA

Elimu hii yamfaa pia mtu asiyetaka kumwona kifutu maishani mwake. Yapo mambo mawili ya kuyazingatia.

La kwanza, kifutu hafiki nyumbani wakati wa kiangazi kwa ajili ya mtungi wa maji. Ngozi na figo zake humwezesha kungoja mvua. Kinachomleta ni panya, na panya huletwa na nafaka iliyomwagika, takataka, na matandu ya michikichi yaliyorundikwa karibu na ukuta. Ghala likifungwa vema na uwanja ukifagiliwa, panya hupungua, na nyoka hupungua pamoja nao.

La pili, wakati wa mvua, hasa jioni, nyoka hutoka kwenda kunywa na kuwinda. Huo ndio wakati wa kutembea na kurunzi na kuvaa viatu vinavyofunika miguu. Anayeumwa asikatwe wembe, asifungwe kamba, wala jeraha lisinyonywe kwa mdomo. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa kipande cha ubao kama mtu aliyevunjika mfupa, na apelekwe haraka kwenye hospitali. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama kwa muda wa saa nyingi, na muda huo ndio nafasi ya kumwokoa.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo ina haki yake, lakini haitengenezi dawa. Dawa hutoka kwa nyoka aliye hai, naye huendelea kuishi ikiwa mtunzaji wake anajua kwamba hata kiumbe huyu mkavu, anayengoja kimya miezi mingi nyikani, hana budi kunywa.